Barafu 240 za Shangazi

Mtu asikudanganye kwamba diskasheni ya usiku wa kuamkia mtihani ni ya kusoma. Ni ya kubishana. Kusoma ulitakiwa usome tangu Januari.

Sisi tulikuwa wanne, kidato cha nne, pepa ya Fizikia kesho yake saa mbili asubuhi, tumejibanza uani kwa shangazi yangu, Makorora, Tanga. Tulipachagua pale kwa sababu kulikuwa na taa, na mwenye nyumba hayupo. Shangazi alikwenda kusaidia kupika arusini mtaa wa pili. Kabla hajatoka alisimama mlangoni, akafunga kanga ya pili kiunoni, akaniachia wasia mmoja: "Friza yangu isifunguliwe. Ukiifungua, wewe mwana, leo utajua kama mimi ni dada wa baba yako."

Ndani ya friza hiyo mlikuwa na barafu 240 za vifuko, nusu ubuyu, nusu ukwaju, za kuuza kwa watoto wa shule ya msingi kwa shilingi 100 kila moja. Yaani mle ndani mlikuwa na ada yangu.

Kipanga ndiye aliyekuwa akituongoza. Darasa zima lilimwita hivyo, na miwani yake aliifunga kwa uzi wa nailoni usiokatika, kama heshima yake. Wa pili tulimwita Mtabiri: alikuwa na pasti pepa za miaka kumi na tano kwenye mfuko wa rambo, na alibashiri maswali kama wanaobashiri mechi. Wa tatu ni Mkimya, ambaye toka kidato cha kwanza hakuwahi kuchangia hoja. Wa nne ni mimi, mwenye friza.

Tulianza vizuri. Tukapita mawimbi, tukapita transfoma, tukagombana kidogo juu ya nusu-uhai. Mtihani wenyewe huwa wa Kiingereza, lakini ugomvi wetu wote ulikuwa wa Kiswahili; Fizikia ya kwetu ina lugha mbili, ya kuandikia na ya kugombania. Saa tatu hivi Mtabiri akasema, "Joto fiche linakuja kesho. Nimelipigia hesabu." Joto fiche ndilo lile linaloyeyusha barafu bila kuipandisha nyuzi. Basi tukaingia kwenye barafu, na tukishaingia kwenye barafu kuna jina moja tu litakalotajwa na mtoto wa Tanga.

Nikalitaja. Nikasema maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya yale ya baridi, na aliyeuonyesha ulimwengu jambo hilo ni Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, huko huko Lushoto kwetu. Mwaka 1963 wanatengeneza aisikrimu, nafasi kwenye friza inagombaniwa, yeye akaitia maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Lakini wauza aisikrimu wa Tanga mjini walimwambia wao hutia ya moto siku zote ili iwahi kuganda! Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni "fizikia ya Mpemba," si ya ulimwengu. Hakukata tamaa, akamwuliza Profesa Denis Osborne alipotembelea shule yao. Wenzake wakamcheka, Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja.

Kipanga akasubiri nimalize, akasukuma miwani. "Hadithi nzuri. Lakini maji ya nyuzi 90 lazima kwanza yapite nyuzi 30. Yakifika 30, yale mengine yako wapi?"

Kusema kweli sikuwa na jibu. Wanasayansi wenyewe wanabishana mpaka leo. Ila mtu akimgusa Mpemba mbele yangu, mimi hoja sitafuti, natafuta ushahidi.

"Soda mbili," nikasema. "Tujaribu sasa hivi."

Laiti tungetumia vikombe! Mpemba alitumia bika ndogo, akapata sifa. Mimi nikasema vikombe havishawishi mtu, nikaleta ndoo mbili za rangi za lita tano. Moja tukaijaza maji ya bomba. Ya pili tukaijaza maji tuliyochemsha kwa gesi ya shangazi. Kipimajoto hatuna, Kipanga akatia kidole, akakitoa kwa kasi ya mwanga, akatangaza, "Nyuzi tisini." Mtabiri akaandika kwenye daftari: 90.

Friza imejaa pomoni. Tukatoa barafu kama mia, tukazimwaga kwenye beseni sakafuni, "kwa dakika mbili tu." Ndoo zikaingia. Ile ya moto ikakaa sawasawa juu ya vifuko vya ubuyu. Tukafunga.

Hapo ndipo subira ilipotushinda. Kila baada ya dakika tano mmoja anafunua kuchungulia, na akifunua wote wanne tunaingiza vichwa, na vichwa vinne vilivyokaririshwa Fizikia toka jioni vina joto lake. Kwenye beseni vifuko vilianza kulegea. Hatukuviona. Tulikuwa tunabishana kama mvuke unaotoka ni mvuke au ni ukungu.

Ndipo Mkimya akafungua kinywa, kwa mara ya kwanza katika miaka minne.

"Luku inalia."

Tukageuka wote. Kimita cha umeme wa kulipia kabla kilikuwa kinapiga piiip, piiip, kumbe tangu muda mrefu. Kabla sijauliza nani ana hela, taa ikazimika, na friza ikatoa ule mguno wake wa mwisho, kama mzee anayekaa chini.

Gizani nikasikia kitu kinadondoka. To. To. To. Nikawasha tochi ya simu. Vifuko chini ya ile ndoo vilikuwa vimelainika na kupasuka, na ubuyu wa shangazi, ule mwekundu hasa, ulikuwa unatambaa kutoka chini ya friza kuelekea mlangoni. Tukaanza kuukinga kwa mikono, kwa madaftari, kwa shati la Mtabiri.

Mlango ukafunguliwa.

Jiweke mahali pake. Mtu ametoka arusini na sinia la pilau kichwani, nyumba giza, anamulika: sakafu nyekundu, vijana wanne wamepiga magoti, mikono myekundu mpaka viwikoni, mmoja hana shati.

"TOBA YARABI, MMEMUUA NANI?"

Pilau ikaruka. Mtaa mzima ukafika. Mjumbe alikuja na kikoi na rungu. Jirani mmoja mama mtu mzima alianza kulia kabisa, akiuliza maiti iko wapi. Mpaka mtoto mdogo alipochovya kidole akalamba na kusema, "Ubuyu," ndipo watu wakashusha pumzi, na shangazi akapandisha yake.

Kipanga alidhani anasaidia. Akatoa kikokotoo. "Shangazi, shikamoo. Lita tano, mara 4,200, mara 90, gawa kwa 334,000. Sisi tumeyeyusha kilo tano na gramu mia sita na ushee tu. Hiyo nyingine ni kukatika kwa umeme."

Shangazi hakuitikia ile shikamoo. Alileta sufuria kubwa, akakinga ubuyu na ukwaju wote uliobaki kwenye beseni na vifuko, akatupanga ukutani. "Mali yangu haimwagwi. Kunyweni."

Tukanywa. Mjumbe alishuhudia. Nakumbuka nilipofika kikombe cha sita cha ukwaju nikawaza, kama mtu anavyowaza akiwa amechelewa, ukwaju huwa unapewa mtu akiwa na tatizo gani vile?

Jibu lilikuja saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya chumba cha mtihani. Alianza Mtabiri kunyoosha mkono. Akasindikizwa chooni na askari. Hajarudi vizuri, Kipanga kanyoosha. Kisha mimi. Msimamizi alipomwona na Mkimya anainuka, akasimama katikati ya mlango. "Nyinyi wanne mmepeana nini?"

"Ukwaju, mwalimu," akasema Mkimya. Sentensi ya pili.

Alikwenda mwenyewe kukagua chooni, akitafuta vikaratasi. Alirudi haraka sana, akaturuhusu kila tulipoomba.

Na swali la joto fiche lilikuwapo, Mtabiri hakukosea. Barafu kiasi gani itayeyuka. Nililifanya kwa dakika tatu, sikufuta hata mara moja.

Nilipata C. Kipanga alipata A, na mpaka leo tukikutana ananidai soda mbili. Namwambia umeme ulikatika, matokeo hayakutoka. Shangazi bado anauza barafu. Juu ya mfuniko wa friza kuna maandishi ya rangi nyeupe, aliyaandikisha kwa fundi wa mabango na akamlipa: FIZIKIA MWISHO HAPA.