Sarajevo ina udhuru, Cesana haina

Picha za njia ya sleji (kigari cha kuteleza juu ya barafu) ya Trebević, mlima ulio juu ya mji wa Sarajevo nchini Bosnia, husambaa sana mitandaoni: mfereji wa zege uliotelekezwa, unaopinda katikati ya misonobari, umejaa michoro ya rangi za kupuliza. Wachangiaji hawakawii kusema Olimpiki ni kutupa pesa. Hapo naona wanaionea Sarajevo.

Njia ile ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1984, na wageni walipoondoka iliendelea kuandaa mashindano ya Kombe la Dunia. Iliuawa na vita. Kuanzia 1992 majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliupiga mji mizinga kutoka mlimani humo. Kwenye kona moja zege limetobolewa matundu ya kupenyezea bunduki. Nani angeenda kugandisha barafu pale?

Cesana Torinese, kaskazini magharibi mwa Italia, haina cha kusingizia. Njia yake ya Olimpiki ya Torino ya 2006 iligharimu takriban yuro milioni 110. Mwanzoni mwa 2011 iliandaa mashindano ya dunia ya luji (sleji ya kulalia chali), na mwaka huohuo ikafungwa. Hakuna bomu lililoanguka; ilishindwa na bili. Ndani ya zege mna mabomba ya amonia ya kugandisha maji kwa zaidi ya kilomita moja, na mitambo yake inataka umeme na mafundi hata kama wanaoteleza ni wachache. Tena haina kazi ya pili. Uwanja wa mpira ukikosa ligi utapata mkutano wa injili au wa kampeni. Mfereji wenye kona 19 mlimani utaufanyia nini?

Kinachonikera hasa ni kilichofuata. Italia ilipopewa Olimpiki ya 2026, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliishauri itumie njia iliyopo, hata kama ni ya nchi jirani. Serikali ikang'ang'ania kwamba mashindano yafanyike nyumbani, mamia ya miti yakakatwa, na njia mpya ikajengwa Cortina d'Ampezzo kwa zaidi ya yuro milioni 100, palepale ambapo ile ya zamani ilikuwa imefungwa tangu 2008. Na Innsbruck ya Austria, yenye njia iliyojengwa kwa Olimpiki ya 1976 na ambayo haijaachwa mpaka leo, iko ng'ambo ya mpaka tu, saa chache kwa gari.