Faini hulipwa ikasahaulika, pointi hubaki kwenye leseni

Dereva mwenye pesa akikamatwa kwa mwendo kasi hulipa faini, risiti akaitupa kwenye dashibodi, na kabla ya kona inayofuata keshakanyaga mafuta tena. Faini hiyohiyo kwa dereva wa kibarua ni chakula cha watoto. Ndiyo maana naunga mkono mfumo wa pointi za makosa: pointi hazilipiki kwa pesa, tena hazisahau.

Uingereza, mwendo kasi unakupa pointi 3 kwa uchache, na kushika simu huku unaendesha ni 6. Zikifika 12 ndani ya miaka 3, unafungiwa leseni, kwa kawaida miezi 6 au zaidi. Ufaransa wanahesabu kinyume tangu 1992: dereva anazo 12, kila kosa linazimega, zikiisha leseni imekwenda. Italia, anayekaa miaka 2 bila kosa huongezewa 2. Hilo nalipenda sana, maana ni nadra sheria za barabarani kumkumbuka anayezitii.

Dereva mpya Uingereza akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza, leseni inafutwa na anarudia mtihani wa nadharia na wa barabarani. Yaani simu moja tu. Wapo wanaoona huo ni ukali uliopitiliza. Mimi naona ni haki, kwa sababu mazoea hujengeka miaka hiyo, na mkono uliozoea kuokota simu kwenye foleni utaiokota hata gari likiwa kasi.

Kinachonikera ni mlango wa nyuma. Uingereza hiyohiyo, aliyefikisha 12 anaweza kumwomba hakimu asimfungie, akieleza kwamba atapata taabu isiyo ya kawaida, na akikubaliwa anaendelea kuendesha. Lakini huyu, kama ni kwa mwendo kasi wa pointi tatu tatu, kakamatwa mara nne! Mama anayevuka kivukoni na mtoto mgongoni, taabu yake nani anaisema mahakamani?

Huruma yangu iko kwa dereva anayepigiwa simu na bosi kila baada ya dakika kumi: uko wapi, mzigo unasubiriwa. Pointi zinamwangukia yeye aliyeshika usukani. Kampuni ambayo madereva wake wanafungiwa leseni mmoja baada ya mwingine ikaguliwe ratiba zake za safari, na ikibainika muda inaowapa hautoshi bila kuvunja sheria, ifungiwe nayo.