Laptopu Kabatini, Shangazi Jasho

Shangazi yangu huimba taarabu harusini. Siku aliyokubali kuja kurekodi chumbani kwangu, Ngamiani, Tanga, nilikuwa nimeshaibambikia laptopu kesi. Spika zilinguruma kama mzinga wa nyuki, na nikisogeza mausi nyuki wanapiga mluzi. Kwenye rekodi nako upepo, shhh, kama ufukweni Raskazone usiku. Nikasema mwizi ni mmoja tu: feni ya laptopu.

Hukumu, kifungo. Nikaiviringisha laptopu blanketi, nikaitia kabati la nguo, waya wa USB wa kadi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na spika na laptopu, ukapita upenyoni. Dirisha nimefunga kwa ajili ya bajaji, pangaboi nimezima. Joto la Tanga mwezi wa pili mnalijua.

Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, kabati likaanza kuvuma. Wa tatu, shangazi kapanda juu kabisa, macho kafumba, mara kukatulia, kimya ambacho chumba kile hakijapata kukiona. Nikatabasamu. Kumbe laptopu imejizima yenyewe ili prosesa, ubongo wake, isiungue.

"Mwanangu, umeipata hiyo?"

"Shangazi… turudie kidogo."

"Kidogo kipi?" Mtandio ulikuwa umelowa chapachapa. Mke wangu alipofungua kabati, mabaibui yake yalikuwa ya moto kama yametoka kupigwa pasi.

Ndipo nikafanya la kuanzia: nikarekodi sekunde 10 za kimya, nikasikiliza kwa hedifoni. Upepo upo, nyuki hawapo. Basi wezi ni wawili. Upepo ni feni, maikrofoni inaunasa hewani. Nyuki wako kwenye spika tu, na nikichomoa chaja wanakufa. Chaja ya pini tatu iko soketi hii, spika soketi ile. Ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, zikawa mbili, na mkondo mdogo unazunguka kupitia USB hadi nyaya za spika. Mngurumo ni hertzi 50 za umeme wetu na vizidisho vyake, mluzi ni kompyuta yenyewe ikihangaika. Fundi mmoja alinishauri nikate pini ya ethi. Usithubutu, chaja ikivuja umeme, pini hiyo ndiyo salama yako.

Kuchomeka vyote ekstensheni moja kulipunguza. Kilichomaliza ni nyaya: jeki za mkanda mmoja mweusi nikatoa, nikaweka za mikanda miwili, kwa kuwa kadi ya sauti na spika zangu zote zinazipokea.

Feni nikaifungua kwa bisibisi. Vumbi limegandamana kama sufi ya mto! Ukipuliza, zuia mapanga kwa kijiti yasizunguke ovyo. Pesti ya kupitisha joto la prosesa ilikuwa imekauka. Nikaifuta kwa spiriti, nikaweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kikomo cha prosesa nikakishusha toka asilimia 100 hadi 99. Asilimia moja tu, lakini mashine nyingi hapo huacha kujikamua kupita kasi ya kawaida, joto likapungua na feni ikatulia. Mwisho laptopu nikaihamishia mita mbili, kisogoni mwa maikrofoni, maana yangu husikia mbele, nyuma kiziwi.

Shangazi akarudi, akasimama, akakohoa, akasikiliza. Haanzi.

"Mwanangu, ule mngurumo umeupeleka wapi?"

"Nimeutibu, shangazi."

"Umeutibu! Na mimi nianzie sauti wapi? Si ndio nilikuwa naushika pale?"

Nikarudisha waya wa zamani. Nyuki wakalia, shangazi akaipata sauti yake, nikazima spika, tukarekodi.