Upole unaonyamaza na upole unaouliza

Neno hili tumelichosha mitaani. Nauli ikipandishwa katikati ya safari ukalalamika, konda anakwambia, "Kuwa mpole." Ukiuliza mbona faili lako limelala ofisini miezi mitatu, utajibiwa vilevile. Maana yake tunaijua sote: nyamaza, huna la kufanya. Jumapili inafika, tunafungua Mathayo 5:5, "Heri wenye upole, maana hao watairithi nchi," na sikio tunalosikilizia ni lile lile alilolizoeza konda.

Ndiyo maana simlaumu anayeuona upole wa Kikristo kuwa dawa ya kuwatuliza walioonewa. Ana ushahidi. Nchini Kenya, sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliihesabu ardhi ya wenyeji kuwa mali ya Taji la Uingereza, na walowezi wakaweza kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Aya ya wapole kurithi nchi ikawa inasomwa makanisani na watu waliokuwa wakiitazama nchi yao ikirithiwa na wengine. Na hatuna haja ya kurudi nyuma hivyo. Nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi vya ndoa ambako mke mwenye alama za kipigo alisomewa 1 Petro 3 kuhusu "roho ya upole na utulivu", akaambiwa arudi nyumbani aombe. Mume aliyempiga hakusomewa aya yoyote ya upole. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka mingi, kwa sababu Wagalatia 5 inauhesabu upole kuwa tunda la Roho, na tunda hilo halikugawiwa wanawake peke yao.

Lakini turudi lilikotoka neno lenyewe. Yesu alipotamka heri ile alikuwa akirudia Zaburi 37, na zaburi hiyo inawahusu watu wanaomwona mwovu akistawi, akiuvuta upinde wake ili amwangushe maskini. "Wenye upole" wa zaburi ni walioporwa, ambao wamekataa kuwa kama waliowapora. Kwa hiyo ahadi ya nchi imesemwa masikioni mwa wasio na nchi. Aliyewanyang'anya hawezi kuichukua aya hiyo na kuwahubiria, maana yeye ndiye anayeshtakiwa ndani yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Mwanzo 26, na sijui kwa nini hauhubiriwi zaidi. Isaka alipanda akavuna mara mia, akatajirika hadi Wafilisti wakamwonea wivu, wakavifukia visima vilivyochimbwa siku za baba yake. Mfalme Abimeleki akamwambia aondoke, na sababu aliyoitoa ni kwamba Isaka amekuwa na nguvu kuliko wao. Tazama vizuri: anayefukuzwa ndiye mwenye nguvu. Akaondoka. Watumishi wake wakachimba kisima, wachungaji wa Gerari wakakigombea, akakiita Eseki, ugomvi. Wakachimba kingine, nacho kikagombewa, akakiita Sitna, uadui. Cha tatu hakuna aliyekigombea, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Hapa anayetetea haki na anayetetea upole wote wana lao la kusema. Mtetezi wa haki atauliza: je, kwa kuondoka hakuwafundisha wale kwamba unyang'anyi unalipa? Swali ni halali, nami sioni kwamba sura hiyo inalimaliza. Isaka alikuwa na mifugo, watumishi na mahali pengine pa kwenda. Mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji hana bonde lingine la kuchimba kisima. Kumwambia huyo aige Isaka ni kumwongezea mzigo. Ila msomaji asiruke mambo mawili. Isaka hakuacha kuchimba, na kila kisima alikipa jina linalosema kilichotokea pale. Baadaye Abimeleki na watu wake walipomfuata kutaka mapatano, kabla ya kuwaandalia karamu Isaka aliwauliza mbona wamekuja kwake, ilhali walimchukia na kumfukuza. Ukweli ulitangulia, chakula kikafuata.

Yesu naye, mbele ya kuhani mkuu, alipopigwa kofi na askari aliuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Huyu ndiye aliyesema juu yake mwenyewe kuwa ni mpole na mnyenyekevu wa moyo. Hakurudisha kofi, wala hakuliacha lipite bila kuulizwa. Basi naona upole unamnyima mtu kisasi, lakini haumnyimi kauli. Vikao vyetu vimegeuza jambo hilo: mnyonge ananyimwa kauli, mwenye mkono mzito anaachiwa mkono wake.

Upande wa wanaodai haki nao una la kujibu. Siku hizi wapo wanaodai haki kwa matusi, na wanaamini kwamba kadiri sauti inavyopanda ndivyo ukweli unavyoongezeka. Hasira yao mara nyingi ina chanzo cha haki, sibishi. Lakini hasira isiyo na lijamu humla mwenye nayo kwanza. Musa aliposemwa na ndugu zake, katika Hesabu 12, hakujitetea, na Miriamu alipopigwa ukoma Musa ndiye aliyemlilia Mungu amponye. Mtu wa namna hiyo hatawaliwi na aliyemkosea. Raha ya nafsi aliyoiahidi Yesu katika Mathayo 11 naielewa hivyo, nami naihesabu kuwa baraka halisi, hata kabla ya nchi yoyote kurithiwa.

Na mke yule wa kikao angesomewa pia 1 Samweli 25. Abigaili aliinama mbele ya Daudi, aliyekuwa akija kulipiza kisasi kwa nyumba ya mumewe, mpaka uso ukagusa nchi, akazungumza kwa ulaini uliozuia umwagaji damu. Lakini alikwenda bila kumwambia Nabali mumewe, na akasema waziwazi kwamba mume huyo ni mpumbavu.

Je, baraka huonekana daima? Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda hakuchukua silaha. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua iliyolalamikia mauaji na dhuluma za askari. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Waumini walikusanyika Namirembe, Kampala, kandokando ya kaburi lililochimbwa kwa ajili yake. Lilikuwa tupu, maana askari walikuwa wameupeleka mwili kaskazini, kijijini kwake Mucwini. Wakaimba hapohapo, kaburi likiwa wazi.