Gololi ya 22

Mimi ni karani mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na katika miaka 61 ya maisha yangu sikuwahi kugombana na mtu kwa sababu ya ndege. Hata hivyo, mwezi uliopita nilisimama mbele ya kibanda cha vyuma chakavu nikibishana kwa sauti iliyowasimamisha wapita njia, nikishikilia kwamba gia kubwa ya krenki ya baiskeli yangu, inayozungushwa na pedali, ni lazima iwe ile iliyokatwa kwa umbo la vichwa vitatu vya korongo, na kwamba gia isiyo na korongo haitafungwa kwenye fremu yangu nikiwa hai. Kijana mwenye kibanda alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza: "Babu, hao korongo wanasaidia kupandisha mlima?"

Sikuwa na jibu. Korongo hawasaidii kitu chochote, na nilimlipa bei ya korongo wote watatu.

Chanzo cha balaa hili ni marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mnyapara katika shamba la mkonge, ambaye miaka ya 1950 alinunua baiskeli ya Raleigh, nyeusi, ya kiume, yenye breki za fito, akaiendesha mpaka magoti yake yalipomkatalia. Watoto wake walirithi shamba na nyumba. Mimi, kwa kuwa niliropoka msibani kwamba baiskeli ile ilikuwa nzuri, nikarithishwa baiskeli. Nasema baiskeli kwa heshima ya marehemu, maana kilicholetwa nyumbani kwangu kilikuwa fremu, usukani, fito za breki na ringi mbili zenye kutu, bila krenki, bila siti, bila keria, mfano wa changu aliyepitiwa na paka akabakizwa kichwa na mwiba. Lakini pale shingoni kibati cha nembo ya kiwanda kilikuwa kizima, korongo amesimama, na jina la mji wa Nottingham, huko Uingereza, linasomeka. Nilikisugua kwa majivu na ndimu kikang'aa, na hapo ndipo nilipopotea.

Mke wangu, Mama Mwajuma, alishauri tuiuze kwa kilo. Nilimweleza kwamba vyuma vya namna hii havitengenezwi tena, akaniuliza kama nimewahi kujiuliza ni kwa nini.

Nilianza na matairi, kwa kuwa niliamini kwamba tairi ni jambo jepesi. Ringi zangu ni za namba 28, nikaingia dukani nikaomba tairi za namba 28, nikapewa tairi zilizoandikwa 28, nikalipa, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwenye furaha kwa muda wa kama dakika 40. Nilichokuwa sikijui ni kwamba namba 28 ni jina la ukoo, si jina la mtu. Ndani ya ukoo huo yumo mwenye kipenyo cha milimita 635, ambaye ndiye wa baiskeli kubwa za zamani kama yangu. Yumo wa milimita 642. Na yumo wa milimita 622, ambaye amezaa matairi mengi ya siku hizi, na ndiye niliyemleta nyumbani. Tofauti kati ya ringi yangu na tairi lile ilikuwa milimita 13, yaani upana wa kidole, na mimi pamoja na jirani yangu tuliamua kwamba wanaume wawili wazima hawawezi kushindwa na kidole. Tulitumia vijiko vya chakula. Vijiko sita vya Mama Mwajuma, alivyoletewa na dada yake kutoka Unguja, sasa vimepinda kiasi kwamba ukinywea mchuzi unakwenda sikioni, na tairi halikuingia.

Wale wenye baiskeli za namba 26 wasicheke, maana ukoo wao ni mkubwa kuliko wetu: wapo wa 590, wapo wa 559, wapo wa 584, wapo wa 571 na wapo wa 597, wote wanaitikia jina moja kama watoto wa madrasa.

Baada ya hapo nilijifunza kupima kabla ya kununua, isipokuwa nilisahau kuhesabu. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, niliyoipata kwanza ilikuwa safi, inateleza kama samli, na bei yake haikunitoa machozi. Niliipeleka kwa fundi pamoja na ringi, na fundi akafunga spoki kwa muda wa asubuhi nzima, akafika mwisho, akanyamaza. Waingereza wa zamani walikuwa na hesabu yao: gurudumu la mbele spoki 32, la nyuma spoki 40, kwa kuwa la nyuma ndilo linalobeba mwenye baiskeli, gunia la mahindi na shemeji. Ringi yangu ilikuwa na matundu 40 na habu niliyonunua ilikuwa na 36. Fundi alizungusha gurudumu likayumba kama mlevi wa mnazi, akaniangalia, akasema matundu manne yaliyobaki yatasaidia kupitisha hewa.

Huyu fundi ni mtu mwema, na ninasisitiza hivyo kwa sababu nitakayoyasema sasa hayatamsaidia. Tatizo lake ni imani kwamba chuma ni chuma. Nilipompelekea vikombe vipya vya kubebea ekseli ya krenki, kikombe kiliingia mizunguko miwili kikagoma, naye akainuka kwenda kuleta nyundo, akisema: "Mzee, kikikataa tunakibembeleza." Nyundo aliyokuja nayo kwa ajili ya kubembeleza ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Niliikumbatia fremu yangu nikakimbia nayo, na watu wa barabara ya 12 wataniwia radhi, kwa kuwa walidhani nimeiba.

Ukweli niliupata baadaye kwa kipimo cha meno ya parafujo, ambacho nilikiazima. Baiskeli nyingi za Kiingereza zina hesi ya meno 24 katika kila inchi kwenye vikombe vile, lakini kiwanda cha Raleigh kwa miaka mingi kilikata hesi yake chenyewe, meno 26. Meno mawili tu! Kwa macho hayaonekani, kwa kidole hayahisiki, na kikombe cha 24 kinaingia kwenye fremu ya 26 kwa ukarimu wa mwanzo, kama mgeni anayesema hakai, kisha kinashika na kuanza kula kuta. Kiwanda hakikunikosea lolote, kilifanya mambo yake kwake. Aliyekosea ni mimi niliyenunua vikombe gizani, wakati wa mgao wa umeme, kwa kuwa viling'aa.

Ilibidi basi nivifungue vikombe vya zamani vilivyokuwa vimeganda ndani ya fremu ili nivisafishe na kuvirudisha. Cha kushoto kilitoka siku hiyohiyo. Cha kulia nilikimwagia mafuta ya taa, nikakilaza usiku kucha, asubuhi nikakibana kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima kwa nguvu zangu zote kuelekea upande ambao kila nati duniani inafungukia. Nilifanya hivyo kwa siku mbili. Siku ya tatu alipita mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa reli, akanikuta nimelowa jasho, akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninafungua. Akachungulia, akasema kwa upole: "Hapana, mwenzangu, unakaza." Kikombe cha kulia kina hesi ya kinyume, kama ilivyo pedali ya kushoto, ili mzunguko wa miguu usikilegeze wakati wa safari, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa kufungia. Kwa siku mbili nilikuwa nimekikaza kikombe hicho kuliko alivyokikaza Mwingereza mwenyewe, na kukitoa kulichukua siku nyingine nne.

Kuhusu kotapini, zile pini zenye ubavu bapa zinazoshika mikono ya krenki, nitasema machache tu. Ziko mbili, zina unene wa milimita 9.5, na zinatakiwa ziingie kwa kupishana, moja ikitazama huku na nyingine ikitazama kule. Kwanza niliuziwa za milimita 9, zikacheza. Kisha nikapata za 9.5, na fundi akazipigilia zote zikitazama upande mmoja, mikono ya krenki ikakataa kunyooka, na nilipopanda kujaribu mguu mmoja ulikuwa unakwenda Muheza na mwingine unakwenda Pangani.

Muheza nilikwenda kweli, kwa basi, kwa kuwa nilisikia kuna mzee ana habu ya nyuma ya Sturmey-Archer, ile ya gia tatu zilizofichwa tumboni: ya kati huzunguka sawa na cheni, ya chini hupunguza mwendo kwa robo, ya juu huuongeza kwa theluthi. Mama Mwajuma aliniuliza mlima uko wapi hapa Tanga mjini. Nikamwambia gia ni maandalizi. Nilimkuta mzee mwenyewe uani, na baiskeli yenyewe imeegemea mfenesi, imekuwa kituri cha kuku, na mtetea mmoja ametaga ndani ya madigadi. Mzee alinikaribisha chai, akasema takataka ile imemchosha, akataja bei ambayo hata mimi niliona aibu kuilipa kwa udogo wake.

Ningelipa nikanyamaza, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini nilifuta kinyesi cha kuku kwenye habu, nikaona namba zilizogongwa kwenye chuma, 59 na pembeni yake 8, na furaha ikanizidi. Nikamwita mzee aje aone. Nikamweleza kwamba habu za aina hiyo hugongwa mwaka na mwezi wa kutengenezwa, kwamba hii ilitoka kiwandani Nottingham mwezi wa nane mwaka 1959, kabla Tanganyika haijapata uhuru, na kwamba watu huzitafuta mpaka Ulaya. Mzee alisikiliza kwa makini sana. Akazunguka baiskeli mara mbili, akamfukuza kuku kwa heshima ambayo sikuiona awali, akasema kwamba, kwa kweli, baiskeli hii ni ya marehemu baba yake, na kuiuza bila kikao cha ukoo ni jambo zito. Nilitoka Muheza saa kumi na moja jioni nikiwa na habu mapajani na bila nauli ya kutoka stendi hadi nyumbani, na mzee alinisindikiza mpaka barabarani akiniuliza kama namba za kwenye kengele nazo zina maana.

Hatimaye, Jumapili iliyopita, kila kitu kilikuwapo. Vikombe vya zamani vilisafishwa, ekseli ikapakwa grisi, na nikatandaza gazeti barazani nipange gololi: 11 upande wa kulia, 11 upande wa kushoto, za robo inchi, jumla 22. Nilizihesabu usiku nikazikuta 22. Asubuhi zilikuwa 21.

Nilipekua mikeka. Nilichuja mchele. Nilimshuku paka. Mwishowe nilimwona mjukuu wangu Shabani, mwenye umri wa miaka minane, amechuchumaa kwenye vumbi na wenzake wakicheza gololi, na sikuwa na sababu ya kumlaumu, kwa kuwa aliposikia babu anataja gololi aliamini tunazungumzia mchezo mmoja. Nilimwomba anirudishie gololi yangu ya chuma. Akasema hanayo tena, ameibadilisha na mtoto wa jirani kwa gololi mbili za kioo na nusu ya andazi.

Nilikaa chini. Mimi, niliyekwenda Muheza, sijawahi katika biashara yote hii kupata vitu viwili kwa kimoja.

Nikamwendea mtoto wa jirani, ambaye ana miaka tisa na meno mawili pungufu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwambia ninataka gololi ile na kwamba nitampa gololi tano za kioo, mpya, za dukani. Akaitoa mfukoni, akaigeuza juani, akasema gololi hii ya chuma inazivunja zote za kioo na kwamba mtaa mzima haina mwenzake. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba ni kipande cha chuma tu. Akaniuliza: "Kama ni chuma tu, babu, mbona umekuja mwenyewe?"

Nilipandisha hadi gololi kumi. Hakujibu, alikuwa anaangalia nyuma yangu, barazani kwetu, mahali baiskeli ilipoegemea ukutani na kengele yake ya zamani inang'aa kwenye usukani, kengele ambayo niliitafuta kwa miezi mitatu.

"Ile inalia?" akauliza.