Kubadili aina ya data: lugha ifanye yenyewe au umwachie developa?

Watu wengi wanaicheka JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu ukiandika "5" + 3 (hiyo 5 ya kwenye alama za nukuu ni maandishi, 3 ni namba) inakupa "53", halafu ukiandika "5" - 3 inakupa 2, yaani kwenye kujumlisha imegeuza namba ikawa maandishi na kwenye kutoa imegeuza maandishi yakawa namba, na haikukuuliza popote. Python, lugha nyingine ya programu, ukiipa hiyo "5" + 3 inagoma palepale na kukwambia hizi aina mbili hazijumlishiki. Mi nipo upande wa Python kwenye hili, lakini tuwe wakweli, wanaotetea lugha kujigeuzia wana hoja.

JavaScript ilitoka 1995 kwa ajili ya kurasa za wavuti, na kule karibu kila kitu mtu anachojaza kwenye fomu kinakuja kama maandishi, sasa ukimlazimisha anayeanza abadili kila kitu kwa mkono atachoka mapema. Na hata Python yenyewe inajigeuzia, 2 + 0.5 inakupa 2.5 na hakuna anayelalamika.

Ila hapohapo kuna mtego ambao wengi hawauoni. Namba ya desimali ya biti 64 (yaani inayohifadhiwa kwenye nafasi 64 za 0 au 1) inashika namba kamili zote bila kuruka hata moja mpaka 9007199254740992 tu, ukichukua inayofuata, inayoishia na 3, ukaijumlisha na 0.0 kwenye Python inageuzwa desimali na inarudi ikiwa ile inayoishia na 2, kimya kabisa, hakuna kosa wala onyo. Fikiria hiyo ni ID ya mteja kwenye database, umeshampa taarifa za mtu mwingine!

Sasa wale wa "andika mwenyewe kila kitu" nao wasijisahau. Roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 40 hivi tangu iruke, na programu yake iliandikwa kwa Ada, lugha kali kweli kwenye mambo ya aina. Ubadilishaji uliandikwa wazi kabisa, kutoka desimali ya biti 64 kwenda namba kamili ya biti 16 ambayo mwisho wake ni 32767, thamani ikazidi, na pale hapakuwekwa ulinzi. Kodi hiyo ya programu ilitoka Ariane 4 ambayo mwendo wake haukuwahi kufika huko. Kwa hiyo kuandika wazi kunamsaidia anayesoma kodi ajue hapa kuna kitu kinageuzwa, lakini kama hujauliza je nafasi ikiwa haitoshi itakuwaje, bado hujamaliza kazi.

Kwangu mimi maandishi kwenda namba lugha isijifanyie kabisa, na kutoka nafasi kubwa kwenda ndogo lazima kuwe na ukaguzi. Kuna na vitu havitakiwi kubadilishwa kabisa, mfano namba ya simu, ukiipitisha kwenye int(), ile amri ya Python ya kugeuza kitu kuwa namba kamili, ile sifuri ya mbele inapotea na huwezi kujua tena kama ilikuwepo. Hiyo iache iwe stringi, yaani maandishi, si unaona hakuna mtu anayejumlisha namba za simu.