Maumivu Yamepita, Mbona Mguu Bado Hauna Nguvu?

Mara ya mwisho niliposhuka mlima mbio, nilifika chini nikijisifu. Pumzi haikunikatika, na jasho lenyewe lilikuwa la kuhesabu. Kumbe nilijisifu mapema. Nilipochutama kufunga kamba za kiatu, mapaja yalitetemeka, kuinuka ikawa kazi. Maumivu hayakuwepo hata chembe. Yalikuja kesho yake, na siku ya pili nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Kila niliyemweleza alinijibu lile lile: hiyo ni asidi ya laktiki, kunywa maji mengi itoke.

Jibu hilo limenichosha. Lakteti ya mazoezi, yaani hiyo asidi katika umbo lake la mwilini, huondoka damuni ndani ya saa moja au mbili. Itamuumizaje mtu keshokutwa? Tena huzalishwa kwa wingi wakati wa kupanda, ilhali kinachotuumiza zaidi ni kushuka. Mwanafiziolojia Theodore Hough aliandika tangu mwaka 1902 kwamba maumivu haya ya kuchelewa yanatokana na kuchanika ndani ya msuli wenyewe. Zaidi ya karne imepita na bado tunaisingizia asidi.

Lakini hata hilo si kosa linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni kwamba tunahesabu maumivu tu, udhaifu tunausahau. Mapaja yangu yalipoteza nguvu kabla hayajauma, na yaliendelea kuwa legevu siku kadhaa baada ya kuacha kuuma. Ukitaka kujua msuli umeumia kiasi gani, uliza unabeba nini, usiulize unauma wapi.

Chanzo kimojawapo cha udhaifu huo ni kalsiamu. Ndani ya seli ya msuli uliopumzika, kalsiamu iliyo huru ni kidogo mno, takriban mara 10,000 chini ya ile iliyo nje. Nyingine imefungiwa kwenye ghala maalumu ndani ya seli. Hutolewa msuli unapotakiwa kujikaza, kisha hurudishwa upesi. Unaposhuka mlima, paja hujikaza huku likivutwa kurefuka. Baadhi ya nyuzi huvutika kupita kiasi, utando wa seli huvuja, na kalsiamu huingia bila hodi.

Hapo ndipo vinapoamka vimeng'enya viitwavyo kalpaini, vinavyofahamika tangu 1964. Kalpaini haisagi protini hadi ikawa unga. Hukata hapa na pale, kama fundi cherehani anayefumua mshono. Hukata desmini inayoshikanisha nyuzi, na titini inayozirudisha nyuzi mahali pake zikivutwa. Hukata pia junktofilini, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Kazi yake ni kuunganisha vijia vinavyoleta amri ya neva na ghala la kalsiamu. Kiungo hicho kikikatwa, amri inafika lakini ghala halisikii. Mitambo ya kuvuta inaweza kuwa bado ipo, ila haipati wito. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayopotea siku za mwanzo hupotea kwa njia hii, kwa kukatika mawasiliano.

Kwa mtu mzima wa afya, hayo hupona. Kwa mtoto mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa kudhoofu kwa misuli, hapana. Yeye hana distrofini, protini inayoukinga utando usichanike, kwa hiyo mwendo wa kawaida tu unatosha kuuvujisha. Kwake kila hatua ni mteremko. Kalsiamu huingia tena na tena, vimeng'enya hukata kuliko seli inavyoweza kushona, na mwishowe mafuta na makovu huchukua nafasi ya msuli.

Ungedhani basi dawa ni kuizima kalpaini kabisa. Mimi sishawishiki. Mwaka 1995 iligundulika kwamba hitilafu katika jeni ya kalpaini-3, aina iliyo hasa kwenye misuli, husababisha ugonjwa wa kudhoofu kwa misuli ya nyonga na mabega. Mkasi ukikosekana, msuli unaharibika vilevile! Kalpaini nyingine husaidia kuziba utando uliotoboka. Mwili wenyewe hauzifuti; umeziwekea mlinzi, protini iitwayo kalpastatini, wa kuzishika mkono zinapozidi. (Na usivilaumu vidonge vya kalsiamu. Kiwango cha damuni hudhibitiwa vikali. Tatizo hapa ni mlango uliovunjika.)

Kinachonifaa mimi ni cha bei rahisi zaidi: mteremko mfupi wa mwanzo. Msuli ulioumia kidogo kwa kushuka hauumii sana mara ya pili, hata wiki kadhaa baadaye. Siku hizi, kabla ya kurudi mlimani, najaribu kuinuka kitini kwa mguu mmoja. Juzi sikuwa na maumivu popote, ila mguu wa kushoto uligoma katikati. Nikavua viatu.